Saruji Chini ya Mama Mkwe

Mtu akiniuliza kumwaga sakafu ya zege hapa Goma kunagharimu kiasi gani, huwa namjibu kama mfanyabiashara. Weka saruji, weka mchanga, weka kokoto za akina mama wanaoponda mawe, maji ya kubebwa kwa baiskeli, fundi na wasaidizi wake. Usisahau sufuria ya fufu na maharage, maana fundi mwenye njaa hukuchanganyia zege jepesi kama uji. Kuhusu sakafu ya chumba changu cha nyuma huwa nabadilisha mazungumzo.

Nyumba yetu ilikuwa ya mbao, kama nyingi za mtaa ule, imesimama juu ya mawe ya volkano upande wa magharibi wa mji, karibu na ziwa. Ilikuwa na sebule, chumba chetu mimi na mke wangu, na chumba cha nyuma chenye mlango wake wa kutokea uani. Chumba hicho kilikuwa chini kuliko vingine, kama shimo, na ndani yake hakukuwa na kitu ila mawe matupu yenye nyufa. Kuku tuliowalaza mle hawakuamka. Mke wangu akawasha mshumaa, akaushusha polepole kuelekea chini, na kabla haujafika kwenye mawe ukazimika. Hakuna aliyehitaji kumweleza mwenzake. Hiyo ni mazuku, hewa mbaya inayotoka ardhini. Haina harufu, haionekani, inatulia chini kama maji kwenye beseni. Ukilala kitandani unaamka salama. Ukilala chini huamki.

Ndiyo maana nilitaka sakafu. Fundi, jirani yetu wa siku nyingi, aliniambia tujaze lile shimo kokoto, tutandike plastiki, tumwage zege juu, na mazuku itafute pengine pa kutokea. Wakati huo nilikuwa nauza samaki wa chumvi kutoka Vitshumbi, na biashara ilikuwa inaenda vizuri. Nikanunua saruji kwanza, kwa sababu ilikuwa inatoka Uganda kupitia mpaka wa Bunagana, na sokoni watu walikuwa wananong'ona kwamba Bunagana haitakaa salama muda mrefu. Nilijiona mjanja kweli. Mchanga, nikasema, upo tu.

Vita vikaja. Bunagana ikafungwa, barabara ya Rutshuru ikafungwa, samaki wangu wakabaki Vitshumbi. Malori ya mchanga yaliyokuwa yanatoka upande wa Sake yakaacha kuja, kwa sababu sasa yalikuwa yanabeba watu na magodoro. Nikabaki na saruji imepangwa kwenye chumba cha nyuma, bila mchanga, na mfukoni sina hata pesa ya sabuni.

Ndipo mchana mmoja mama mkwe wangu akaingia uani. Alikuwa ametoka upande wa Rutshuru kwa miguu, kikapu kichwani na jembe begani. Sijui alitaka kulima nini kwenye mawe yetu.

Kwetu, mama mkwe halali kwa mkwe wake. Anakuja kusalimia, anakunywa kitu, anarudi kwake kabla ya jioni. Mkwe hali mbele yake, neno likiwepo linapitia kwa mke, na kitanda cha mkwe kwake ni mwiko. Vita vilimlazimisha kulala kwangu, na hilo alilimeza. Mengine alikataa. Sebuleni, ambako watoto wetu walikuwa wanalala, alikataa kwa sababu mimi hupita pale usiku nikitoka nje. Akachagua chumba cha nyuma. Kina mlango wake, akasema, ni kama nyumba nyingine.

Mke wangu akamweleza habari ya mazuku. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta wa mbao, nasikia kila kitu.

"Mama, mule chini utakufa."

"Masasi ya vita ilinishindwa mu njia yote, sasa upepo ya chini ndio itaniweza?"

"Basi lala ku kitanda yetu. Sisi tutalala ku salon na batoto."

Nikasikia kikapu chake kinatua chini.

"Mutoto wangu, usirudilie tena ile neno."

Kitanda kilikuwa hicho kimoja nyumba nzima. Kutengeneza kingine haikuwezekana, kwani mbao zote mjini zilikuwa zimegeuka vibanda vya waliokimbia vita, na hata zingekuwepo nisingekuwa na cha kulipia. Kwa hiyo mwanamke aliyetoroka risasi alikuwa tayari kufa kwa adabu katika chumba changu. Nilitamani kupiga kelele, lakini mkwe hampigii mama mkwe kelele, hata ya kumwokoa.

Nikaingia mle mwenyewe, nikaipanga mifuko ya saruji upya, mmoja kando ya mwingine na mingine juu yake, mpaka ikafika kiunoni kwangu. Juu yake nikatandika plastiki na mikeka. Nikamwambia mke wangu, "Muambie mama kama hii si kitanda. Hii ni simenti."

Alikuja, akapapasa pande zote, akakaa, akamwambia binti yake, "Iko sawa. Hapa hakuna mutu alishalala."

Asubuhi yake nilisimama uani najifanya napiga mswaki, masikio yangu yote yakiwa kwenye mlango ule. Akakohoa. Sijawahi kufurahia kikohozi cha mtu namna ile.

Tukaishi hivyo. Mvua zikaanza, na siku moja mke wangu akaniletea ujumbe. "Mama anasema upande wa mulango kunakuwa kugumu. Mbavu zinamuuma."

Nilicheka. Halafu kicheko kikaniishia mdomoni. Saruji ikipata unyevu hufa ndani ya mfuko wake, inaanzia pembeni na kuingia katikati, inakuwa jiwe. Mama mkwe alikuwa ananipa habari za hasara yangu bila kujua. Baadaye ikawa ni upande wa miguu. Baadaye tena, chini ya bega. Nilikuwa napokea malalamiko ya mgongo wake na kuhesabu mifuko iliyokufa.

Na saruji mjini ilikuwa imepanda bei mpaka watu wanaongea juu yake kwa sauti ya chini. Jamaa mmoja aliyekuwa anajenga mtaa wa Katoyi alinifuata na pesa mkononi. Alitaka ile ya katikati ambayo bado ilikuwa hai. Pesa ile ingerudisha biashara yangu, na nisiseme uongo, niliitazama sana.

Jioni nikamwambia mke wangu. Alikuwa anachambua mboga.

"Ukiuzisha, mama atalala wapi?"

"Najua."

"Mi nauliza tu."

Nikamrudisha yule jamaa na pesa zake. Nilikasirika siku nyingi. Nilimkasirikia mama mkwe, nikaikasirikia heshima yake, nikalikasirikia hata lile jembe lililokuwa limeegemea ukuta bila kazi. Na kila asubuhi nilitoka na mswaki wangu nikangoja akohoe.

Kisha barabara ya Sake ikafunguka kidogo. Fundi akaja mbio: lori la mchanga limeingia mtaani, majirani wanagawana. Mke wangu akauza kitenge chake kizuri, kile cha sikukuu, na sehemu yetu ya mchanga ikamwagwa mbele ya nyumba. Mama mkwe alikuwa uani anachagua maharage. Fundi akaingia chumba cha nyuma, akafunua mikeka, akaanza kugonga mifuko kwa mpini wa nyundo. Huu umekufa. Huu nao. Ya katikati akaiminya kwa vidole, akatikisa kichwa kukubali.

"Papa, hii inaweza tosha, tukifanya mwembamba. Lakini ni leo. Wiki ijayo yote itakuwa mawe."

"Na sakafu itakauka kwa muda gani?"

"Mutu asilale pale mpaka niseme."

Nikatoka nje. Majirani wote walikuwa wamejaza ndugu zao waliokimbia, hakuna nyumba iliyokuwa na pembe ya kumlaza mtu. Nilifikiri kwa kadiri nilivyoweza, na kila njia ilinirudisha kwenye kitanda kile kimoja. Sikuwa na mdomo wa kumwomba. Nikamwambia fundi, "Achana nayo. Mupe wengine mchanga."

Fundi alishangaa. Mke wangu akainama akashika uso. Ndipo mama mkwe akaweka ungo wa maharage chini.

"Mukwe," akasema.

Hakuwahi kuniita. Nikatazama ardhi.

"Ile simenti ilikuwa inakufa chini yangu?"

Mke wangu akafungua mdomo. Mama yake akainua mkono. "Ninamuuliza yeye."

"Ndiyo, mama."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu ulisema upande wa mulango."

Alipangusa viganja kwenye kitenge. Kokoto zilikuwa zinasikika kwa jirani, mtu anaponda mawe bila haraka.

"Na ukanyamaza," akasema. Maneno hayo ndiyo ya mwisho aliyowahi kuniambia uso kwa uso. Akamgeukia binti yake. "Badirisha mashuka ku kitanda yenu."

Mke wangu alilia. Mimi nilichukua koleo, kwa sababu fundi alikuwa ameshaanza kuita watu wa maji na sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Mifuko iliyokufa tuliitupa mizima mizima chini ya shimo, ikawa mawe juu ya mawe. Tukamwaga kokoto, tukatandika plastiki, tukamwaga zege. Fundi alipiga magoti akalisawazisha kwa ubao mrefu, anarudi nyuma taratibu kuelekea mlangoni, mpaka akatoka nje na chumba kikabaki kimelala kijivu na chenye maji. Ilikuwa sakafu nyembamba, lakini nzuri. Nilifurahi kuitazama, na furaha yenyewe ikanifanya nijione mtovu wa haya.

Siku zote za kungoja, mama mkwe alilala kitandani kwetu. Mimi na mke wangu tulilala sebuleni, chini, kati ya watoto. Mchana alikuwa haongei na mtu. Alikula kidogo, na watoto wakimsogelea aliwapapasa vichwa bila kuwatazama.

Fundi aliposema tayari, mke wangu aliuweka mshumaa sakafuni ukaendelea kuwaka. Nikabeba mikeka ya mama mkwe kuipeleka chumba cha nyuma, na nikiwa bado sebuleni mlango wa chumba chetu ukafunguka. Alitoka amejifunika kitenge kichwa na uso wote, ameinama, anapapasa ukuta kutafuta njia. Hapakuwa na pa kupishana. Nikaiweka mikeka chini, nikageuka nikautazama ukuta, na nikabaki hivyo mpaka niliposikia mlango wa chumba cha nyuma umefungwa.