Rangi Kabla ya Kibali

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mikono Mitatu, kwa sababu mafundi rangi wenzake hupaka ukuta mkono mmoja, yaani tabaka moja la rangi, wakijitahidi sana miwili, kisha wakakunja turubai na kutokomea. Yeye mpaka apake mkono wa tatu ndipo usingizi unamjia. Kwa miaka ishirini na mitatu alipaka nyumba za watu, na jioni akarudi kwenye vyumba viwili vya kupanga alikoishi na mkewe. Kwa hiyo siku alipopata nyumba ya kununua, alipita njiani akijichungulia kwenye vioo vya maduka, aone kama uso wa mwenye nyumba umeshamkaa.

Muuzaji alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mpole ambaye suruali yake ilinyooshwa pasi hata siku za kushinda ndani. Yeye na mkewe walikuwa wamejenga nyumba ndogo karibu na binti yao, na mke ndiye aliyekuwa na haraka kuliko wote. Vyombo alishavifunga kwenye magazeti.

"Chukua tu, Fundi," alimwambia siku ya kwanza. "Nyumba hii ina giza, ina ukungu, imenizeesha."

Wakaandikiana, malipo ya awali yakatolewa. Kilichobaki ni kibali cha ofisi ya ardhi, kisha wote waende kwa wakili kutia saini. Karani alisema wiki mbili.

Makarani wa ardhi wana kalenda yao, na sisi tuna yetu. Wiki mbili zikawa miezi miwili, miezi miwili ikawa minne. Mara faili liko ghorofani. Mtu akipanda, anaambiwa limeshuka. Mara mpimaji kakosea kona moja ya kiwanja, lazima arudi apime upya. Mara mwenye muhuri yuko likizo, na ufunguo wa kabati la muhuri kaondoka nao mfukoni. Mke wa Fundi alipouliza, mumewe alimpa jibu lilelile: "Nafuatilia." Naye alikuwa na haki ya kuuliza. Mwenye vyumba vyao alikuwa anamwoza mwanawe, akawataka wahame mwisho wa mwezi wa sita. Wasipopata nyumba kufikia hapo, watahamia kwa dada yake Fundi, na mke wa Fundi angeona heri alale kituo cha mabasi kuliko kwa wifi yake yule.

Kila Jumamosi Fundi alikwenda kwa Mwalimu kusikia habari za kibali. Habari hazikuwepo, chai ilikuwepo. Akawa anakaa barazani bila kazi mikononi, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Fremu ya dirisha ilikuwa imebanduka rangi. Alijitahidi kutazama pembeni, akashindwa. Kwenye mfuko wake wa kazi kulikuwa na msasa, brashi na kopo la rangi iliyobaki kwenye kazi nyingine. Leo au kesho, si nyumba yangu? alijiambia, akainuka.

Jumamosi iliyofuata fremu ile ikauaibisha ukuta. Akapaka ukuta. Ukuta ukaiaibisha dari. Mke wa Mwalimu naye akasogeza kiti, akawa mshauri. "Hapa rangi ya maziwa yenye tone la chai, Fundi. Unaonaje?" Fundi aliona vyema kabisa. Ukungu wa sebuleni ukakwanguliwa, giza likatoka. Jumamosi moja alimkuta yule mama amefungua magazeti, sahani zote zimerudi kabatini. "Ni za kutumia siku hizi mbili tatu," alisema. Jumamosi nyingine akaomba agongewe msumari wa kioo. Fundi akagonga, tena kioo chenyewe akakinyoosha kwa pima maji. Mtu mzima, akili timamu, na hakuona lolote.

Kibali kikatoka siku tisa kabla ya kuhama. Wakaketi wanne mbele ya wakili, chini ya feni iliyokuwa ikilalamika. Mwalimu akatia saini. Fundi akatia saini. Pakabaki mstari wa mke wa muuzaji, maana bila ridhaa yake hakuna kilichouzwa. Mama akashika kalamu, akaitazama, akairudisha mezani.

"Mimi sihami."

Mwalimu alidhani hakusikia vizuri. "Mke wangu, miaka ishirini na sita unaniambia nyumba hii inakuzeesha."

"Ilikuwa inanizeesha. Sasa haimzeeshi mtu. Umeiona sebule yangu jua linapoingia?"

Wakili akavua miwani. "Kwani kumebadilika nini, mama?"

"Imepakwa rangi. Sebule, jiko, mpaka dari."

"Na nani?"

Macho yote yakamwelekea Fundi, naye akapata kitu cha kutazama sakafuni.

Mkewe, aliyedhani Jumamosi zote hizo mumewe alikuwa anawafuata makarani majumbani kwao, akamgeukia taratibu. "Ndiko ulikokuwa unafuatilia?"

"Nilitaka uikute tayari, mke wangu..."

"Chumba chetu nimekuomba ukipake tangu mwanao anatambaa. Ukaniambia nyumba ya kupanga haipakwi, ni kumpendezeshea mwenye nyumba. Mwanao leo ana ndevu! Ukaenda kumpakia mke wa mwenzio sebule, jiko, mpaka dari!" Hakulia, na ingekuwa afadhali angelia. "Mimi niende kwa wifi."

Mke wa Mwalimu alimtazama mke wa Fundi. Yeye pia aliomba rangi miaka yote, kwa mume ambaye kila mara alikuwa na madaftari ya kusahihisha. Akaivuta karatasi.

"Mwenzangu," alisema, "unayoyasema nayajua." Akatia saini kwa nguvu, nusura karatasi itoboke. Kisha akamwambia mumewe, "Na kule tunakokwenda, wewe ndiye utakayepanda ngazi."

Fundi na mkewe walihamia Jumatano. Mke wa Fundi alipita chumba hadi chumba, mikono nyuma kama mkaguzi, mumewe akimfuata hatua mbili nyuma. Sebuleni akaguna. Jikoni akaguna vizuri kidogo. Akafungua mlango wa mwisho, wa chumba cha kulala. Kuta zilikuwa na mabaka, kona zimeota ukungu, hakuna hata tone la rangi mpya.

"Na hiki?"

"Hiki sikukigusa. Kilikuwa chumba cha mtu na mkewe. Niliona aibu kuingia."

Mkewe akacheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ya wakili, akacheka mpaka akaegemea ukuta na chokaa ikamshika begani.

"Basi hiki ni chetu," alisema. "Na rangi nachagua mimi. Zambarau. Tena ile kali."

Fundi akafumbua mdomo amweleze habari za mwanga na ukubwa wa chumba. Akaufumba, akaenda kuleta ngazi.