Yaya wa Nyumba Mbili

Hadi leo mtu akinikaribisha chakula mara moja tu kisha akaendelea na tonge lake, namkasirikia. Afadhali asinikaribishe kabisa. Wenzangu wananiona mkorofi, na waseme.

Mie nimezaliwa Temeke, enzi za Mwingereza, na vita vilipopamba moto huko kwao nilikuwa ndiyo kwanza naanza chuoni kusoma juzuu. Mama alikuwa akikaanga samaki sokoni. Jirani yetu, mke wa Mwarabu, alishika duka mwenyewe kwa kuwa mumewe alikuwa amepooza. Kwetu tulikuwa mie na mdogo wangu anayetambaa, kwao pacha. Basi mama na shoga yake wakakubaliana watafute mwanamke mmoja atulee sote: asubuhi barazani kwetu, baada ya adhuhuri uani kwao.

Wakampata mjane wa mtaa wa pili, makamo yao. Sie watoto tulimwita Yaya. Mshahara wakaugawana nusu kwa nusu. Kulala, chumba cha uani kwetu. Kanga za Idi, dukani. Yote wakayapanga, chakula hawakukitaja. Na Yaya angekitajaje? Mwanamke mzima wa pwani aanze kuuliza, "Jamani, nitakula kwa nani?" Si ataitwa mlafi!

Kwetu ukikaribishwa, kwanza unasema umeshakula, hata kama tumbo linanguruma. Mwenyeji hakubali. Anakushika mkono, anakuvuta mkekani, anaapa kwamba usipokula na yeye hali. Hapo ndipo unakaa, unanawa. Ndivyo tulivyolelewa.

Vita vikaleta mchele wa foleni na unga wenye wadudu. Mama akawa anasema, "Karibu ule, dada."

"Nimeshakula, dada, ahsante."

Mama anafunika sufuria. Mkono hamshiki. Moyoni anajiambia Yaya amekula dukani, maana dukani hakukosekani kitu. Na kule mke wa Mwarabu anakaribisha mara moja, anajibiwa vilevile, anajiambia Yaya amekula kwa muuza samaki. Raha iliyoje kuamini hivyo, wakati watoto wako wanagombania tonge!

Mie nilikuwa namwona. Akishatulisha, anaipeleka sufuria nyuma ya nyumba kuiosha, anachutama, anakwangua ukoko na kuutia kinywani harakaharaka. Siku moja nikamwambia mama, "Yaya anapenda ukoko kweli."

Mama akacheka. "Hamu tu hiyo. Yaya wako anakula wali wa nazi kwa Mwarabu."

Akaanza kupwaya ndani ya kanga zake. Akaacha kumbeba mdogo wangu mgongoni, anakaa chini na kumwita aje mwenyewe kwa kutambaa. Mama akanung'unika kwamba amekuwa mvivu. Mke wa Mwarabu naye akasema, kama ni kupumzika, apumzike kwenye zamu ya kwetu. Ah, watu wazima wale! Walikuwa wema kwa kila mtu, nawajua, mama yangu alikuwa mwema, na bado nikikumbuka maneno yale nasikia hasira.

Homa ikamkuta hana nguvu ya kupambana nayo. Ndipo sasa kila mtu akaleta. Mama akaleta uji wa maziwa, mke wa Mwarabu akaleta mkate na asali, wakampakata, wakambembeleza kijiko kwa kijiko, wakamwapia. Kilichoingia kikarudi. Alikufa mchana, sie watoto tunacheza pale pale uani.

Wakaitwa bibi wawili wa mtaani kumwosha. Mama na shoga yake wakakaa nje ya mlango wa kile chumba, wameegemeana, wanalia kweli, machozi si ya kusingizia. Mie nilikuwa nimejibana ubavuni kwa mama. Bibi mmoja akatoka kabla kazi haijaisha, mikono inachuruzika maji. Hakutoa pole.

"Huyu alikuwa anakula kwa nani?"

"Kwake," akasema mama, akimwonyesha shoga yake.

"Kwake," akasema mke wa Mwarabu papo hapo, kidole kwa mama.

Wakatazamana. Yule bibi akawatazama wote wawili, kisha akarudi ndani na kuufunga mlango.