Kitunga cha Mama

Nilisoma miaka miwili tu, na kitu ninachokumbuka vizuri katika ile miaka ni kofia ya mwalimu. Ilikuwa ng'ambo, upande wa Kongo, mbele ya vita vyote kuanza. Mwalimu alisimama kando ya ziwa anatuonyesha Zambia kwa fimbo, upepo ukaja, kofia ikaenda juu ya maji. Tukangoja akimbie. Hakukimbia. Aliiangalia mpaka ikakuwa kama ndege mudogo, kisha akatuambia turudi kwenye hesabu. Zambia hakumaliza kutuonyesha. Nilikuja kuiona mwenyewe, muzee tayari, ndani ya mashua, na mama yangu juu ya gunia la mihogo akilalamika kwamba ninakaa vibaya.

Bon. Nilitaka kusema juu ya mama, lakini muzee aliyetaka kumuoa alikuwa na kofia kama ile, ndiyo maana nimepitia huko.

Mama sasa hayuko. Wakati ule alikuwa kambo, ndiyo nyanya, wa wajukuu wengi. Kutoka Kenani, kambi ya wakimbizi tulipofikia, tulipata mahali pa kukaa kando ya ziwa, njia ya Kabuta. Kila asubuhi alifagia mchanga, akaanika chisense, wale samaki wadogo kabisa. Kuwageuza hakutaka musaada. Alisema mimi ninageuza kama mutu anayefukuza kuku.

Alikuwa na kitunga kimoja. Mugeni hakutoka kwake mikono mitupu. Kama alipenda arudi, alimutilia samaki ndani ya kitunga, maana kwetu kitunga cha mutu hakilali kwako siku zote, unakirudisha, na hakirudi tupu. Kilirudi na karanga, na mihogo, mara moja na kuku muzima aliyekitoboa. Tundu liko mpaka leo. Kama hakupenda urudi, alikufungia katika plastiki. Samaki ni wale wale, hakupunguza. Shemeji yangu alipewa plastiki miaka yote, hakuelewa, alirudi tu.

Sasa huyu muzee. Mujane, mutu wa kijiji chetu cha zamani, anavuka ziwa kununua samaki. Alipokuja mara ya kwanza kumusalimia mama, akapewa kitunga. Akakirudisha na sukari na kitenge, akasema wazi anatafuta muke. Niliogopa. Mimi na mvi zangu, niliogopa kuachwa na mama.

Siku aliyokuja kuchukua jibu, mutoto wangu mukubwa, baba wa watoto tayari, alimungojea mulangoni. Kwetu mujukuu ndiye bwana wa kambo yake, kwa masihara.

"Muzee, huyu ni muke wangu. Humupeleki bila mimi."

"Bwana gani huyu? Muke anajipasulia kuni."

"Nikimupasulia ananitukana."

"Mabwana, nyamazeni," mama akasema. "Munafukuza samaki wangu, na wamekwisha kufa."

Tukacheka. Muzee akakaa, akaweka kofia juu ya goti.

"Mama, turudi nyumbani. Kuna nyumba ya mabati, kuna mutoto wa dada yangu atapika bukari. Samaki hautawagusa tena. Utakaa tu."

"Nitakaa tu?"

"Utakaa tu."

"Na asubuhi?"

"Utapumzika."

"Na mchana?"

Muzee akafurahi, akaona maulizo yanaenda vizuri. "Mchana pia, mama. Siku zote."

Mama akaangalia mikono yake, imejaa magamba. Kisha akaenda ndani. Kitunga kilikuwa kwenye musumari karibu na mulango, na mukono wake ulipita juu yake. Alirudi na plastiki. Akachagua samaki wazuri, wakubwa, kuliko aliowahi kumupa mutu yeyote, hata mimi, akafunga, akafunga tena.

Muzee aliangalia plastiki. Akaangalia mulango.

"Na kitunga?"

"Kiko na kazi, baba."

Akavaa kofia. Akamushukuru mama, akanipa mukono, na kwa mutoto wangu akasema, "Bwana, kaa vizuri na muke wako." Kisha akafuata mchanga kwenda kwenye mashua, plastiki mukononi, polepole, na hakurudi tena.