Mtaa Aliouchagua Ng'ombe

Makampuni binafsi yaliporuhusiwa kununua pamba, nilipata kazi ya ukarani wa mizani Bariadi. Mji wenyewe sikuujua. Mwenzangu kazini alinishauri nipange karibu na stendi, lakini baba yangu alikataa katakata.

"Mahali pa kuishi hapachaguliwi na mtu," alisema. "Ng'ombe ndiye anajua."

Akaja kwa miguu kutoka kijijini kwetu Zagayu na ng'ombe wetu mzee, yule yule aliyewahi kutuchagulia mahali pa kujenga zizi. Tukauzunguka mji mzima nyuma ya mkia wake, mimi nimevaa shati la ofisini, watu wanatucheka. Nyumba nzuri zenye bati jipya alizipita bila hata kugeuza shingo! Mwishowe akasimama nyuma ya kijumba cha udongo, akanusanusa chini, akala kidogo, akakunja miguu na kulala. Baba akapiga makofi. Nikahamia hapo siku hiyohiyo.

Jumamosi ndipo nilipoelewa. Nyumba ya jirani ilikuwa kilabu cha pombe ya mtama, na machicha yote yalimwagwa pale nyuma. Ng'ombe wetu hakuwa amechagua mtaa. Alikuwa amelewa.

Kwa hasira nilimwita baba aje ausikilize mwenyewe huo mtaa wake, ngoma na matusi kutwa nzima. Alikuja asubuhi, nikamwacha nyumbani. Niliporudi kutoka kazini jioni nilimkuta nyuma ya nyumba, amekunja miguu, amelala fofofo palepale alipolala ng'ombe.