Nyumba ya Hodo na Mikeka Arobaini

Shamso wa Modogashe anajenga aqal, nyumba yetu ya fito na mikeka, tangu kabla meno yake ya utoto hayajang'oka. Mimi jirani yake ni shahidi, na asiyeniamini amuulize ngamia wangu. Hana futi wala karatasi. Hupigilia kigingi katikati, na kila ufito hupewa anwani yake kutoka hapo: huu dhiraa tatu kuelekea kibla na nne kuelekea barabarani, ule tano za kibla tupu. Duara hutoka safi kama mdomo wa sufuria.

Bintiye Hodo alipochumbiwa na kijana wa Hulugho, Shamso aliapa kwamba mwanawe hataingia arusini chini ya turubai kama mzigo wa lori. Tena nyumba iwe na upana mara mbili ya yake. Akaongeza kila anwani maradufu: tatu ikawa sita, nne ikawa nane, tano ikawa kumi. Umbo lilelile, limenenepa tu. Nilimtuma kuku upande wa pili, akarudi na vifaranga.

Nyumba yake ilikula mikeka ishirini, basi akasuka arobaini, miezi minane. Asubuhi ya arusi tukaanza kufunika. Mikeka ikaisha, nusu ya nyumba iko uchi, mbuzi wanatuchungulia.

Saado, shangazi wa bwana arusi, akafika na wageni, akatazama juu. "Shamso, mwanetu anaoa binti au anaoa fito?"

Shamso alivuta mkeka, akaukunja nusu, akaukunja tena kwa upande mwingine, akaufunua. Mikunjo ilikuwa imeugawa vipande vinne. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Abaayo, dada yangu," akaniambia, "nimeongeza maradufu huku na huku. Ilitakiwa mikeka themanini."

Wageni wakashauri turubai. Akakataa. Akapanga vinyesi vikavu vya mbuzi, safu tano za tano, kwa dhiraa tano za nyumba yake ya mikeka ishirini, akaleta vingine kiasi hichohicho kwa ile ishirini ya pili na kuvipanga vyote upya: safu saba za saba, kikabaki kimoja. Basi kila ufito tukaurudisha kwenye mstari wake uleule kuelekea kigingini, penye kumi pakawa saba, tukakata ncha zilizozidi.

Baada ya alasiri Hodo aliingia, juu yake mikeka ya mamake, hakuna hata tundu la mbu. Mkeka mmoja ulikosa kazi. Tukamtandikia Saado, akakaa, akaomba chai.