Kisanduku cha Jina la Kuzaliwa

Habari za kifo chake nilizipata kwenye simu, nimeketi barazani kwangu Mkunya, Newala, nasubiri ukungu wa asubuhi uondoke. Makala ya ensaiklopidia ya mtandaoni, ile ya Kiswahili ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuiandika na kuisahihisha, ilisema kwamba mwimbaji huyu wa opera, mzaliwa wa Tanzania, alifariki katika mji mmoja wa Ulaya. Huyu ni mtu niliyelala naye mkeka mmoja utotoni, tukatiwa unyagoni siku moja, na hakuna aliyekumbuka kunipigia. Nikasoma mstari uliofuata. Msimu wa pili alifariki tena, katika mji mwingine, safari hii kwa kifua kikuu. Mstari wa tatu akajichoma kisu.

Hapo ndipo nilipoelewa, nikacheka peke yangu mpaka kuku wakatawanyika. Zile zilikuwa sehemu alizoigiza jukwaani. Aliyeitafsiri ile makala, au mashine yake, hakujua kwamba kwenye opera wanawake hufa huku wanaimba, na kesho yake jioni wanakufa tena watu wakiwa wamelipa kiingilio. Mimi nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote ya kazi, na daftari baya halijawahi kunipita bila kuguswa na kalamu nyekundu. Nikasema hii siiachi.

Lakini Kiswahili kibovu kilikuwa kisingizio tu. Mimi ni mjane na nimestaafu. Wanangu wako Dodoma na Mtwara, huja wakati wa korosho au wakati wa msiba, na misiba siku hizi naona inawaleta kuliko korosho. Katika wasichana tuliotoka unyagoni mwaka ule tumebaki wawili, mimi na yeye. Mara ya mwisho alipokuja nchini alikuja kumzika mama yake, Masasi. Mimi nilikuwa huku Newala namuuguza mume wangu, nikateremka siku moja baada ya mazishi, nikaambiwa ameondoka alfajiri. Nikampa mdogo wake wa kiume, anayeishi Masasi mjini, namba yangu ya simu ampelekee. Akaapa kwamba ameipeleka. Simu haikulia. Baada ya mwaka nikampa tena, nikamdanganya kwamba nimebadili laini.

Kwa hiyo nilipoanza kuisahihisha ile makala nilikuwa napiga hodi. Nilitaka siku moja ajisome, aone kwamba kuna mtu anayemjua, aulize ni nani, anipigie. Hilo tu. Nililitaka sana, kuliko ilivyompasa mwanamke wa umri wangu kutaka kitu.

Nikaanza na vile vifo, nikavifuta kimoja kimoja nikimfufua. Kisha shule. Makala ilidai kwamba alianza kuimba katika kwaya ya shule ya Chidya. Enzi zetu Chidya ilikuwa shule ya wavulana, na sisi tuliipita kwa mbali tukiwa tumejitia hatutazami. Aliimba kanisani Masasi, sauti ya kwanza. Mwalimu wa kwaya, mzee mmoja mkali aliyekuwa akipiga mbao kwa fimbo kuhesabu mapigo, alimwambia siku moja afunge mdomo ili wengine nao wasikike. Mimi nilikuwa sauti ya pili, nimesimama mkono wake wa kulia. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida, ya kujazia. Nilipokuwa karibu naye nilijiona naimba vizuri, na nilipopangwa mbali naye nilijisikia kama debe.

Niliyaandika hayo yote. Kesho yake hayakuwepo. Mhariri mmoja nisiyemjua, ambaye kwa maneno yake nilimkadiria kuwa kijana wa mjini mwenye adabu, alikuwa ameniandikia kwenye ukurasa wa majadiliano: "Ahsante kwa mchango wako. Tafadhali weka chanzo."

"Chanzo ni mimi," nikamjibu.

"Samahani, kumbukumbu za mtu binafsi hazikubaliki. Tunahitaji kitu kilichochapishwa."

Nilimkasirikia siku mbili. Watu wazima tuliokuwepo hatukubaliki, ila karatasi inakubaliwa hata ikisema mtu amekufa mara tatu! Halafu nikatulia, kwa sababu nimewahi kuwaambia wanafunzi maneno hayohayo. Nikapanda basi nikateremka Masasi kwa mdogo wake. Alinitolea sanduku la bati la marehemu mama yao. Ndani mlikuwa na vipande vya magazeti, na ratiba za maonyesho zilizochapishwa kwenye karatasi nzito ya kung'aa, ambazo mama yule alizihifadhi pamoja na kadi yake ya kliniki bila kujua zimeandikwa nini. Tukazipiga picha moja moja, mezani, yeye akizishika pembe zisijikunje.

"Dada, kwani ukishamaliza unapata nini?" akaniuliza.

"Napata kumaliza," nikasema.

Alikuwa na huruma machoni, na sikuipenda.

Miezi mitatu ikapita hivyo. Nilipanga maonyesho kwa mfuatano wake, nikatafuta maneno ya Kiswahili yasiyoumiza sikio, nikaandika kwa kila sentensi karatasi ilikotoka. Yule mhariri akaanza kuniita "Mwalimu" bila mimi kumwambia. Makala ikanyooka. Kila jioni niliisoma mwanzo hadi mwisho kama mtu anayekagua nyumba aliyoijenga mwenyewe, na kila jioni niliitazama simu.

Kisha akaniandikia: "Mwalimu, makala sasa ni nzuri sana. Kimebaki kisanduku kimoja pembeni. Jina la kuzaliwa."

Hapa sharti nieleze, maana mtu wa kwingine anaweza kuona ni jambo dogo. Jina lake la jukwaani ni la ubatizo na la ukoo, na hilo dunia yote inalo. Lakini sisi huku, Wamakonde na majirani zetu, mtoto hupewa jina anapozaliwa, na akitoka jandoni au unyagoni hupewa jingine. Lile la kwanza huachwa hukohuko. Si kwamba linasahauliwa. Linakatazwa. Kumwita mtu mzima kwa jina lake la kabla ya unyago ni kumvua nguo mbele za watu, na nimeona wanaume wazima wakishikana mashati kilabuni kwa sababu hiyo. Sisi tulikuwa watoto wa misheni, unyago wetu ulisimamiwa na kina mama wa kanisa na ulianza kwa sala, lakini katika hili kina mama wale hawakubadili chochote.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa la kusutia. Bibi yake ndiye aliyempa, ili kila anapoitwa mtoto, asutwe baba yake, aliyeikana mimba kabla hajarudi na kufunga ndoa. Alivumilia kuitwa hivyo hadi siku tulipotoka. Siku ile, tumepakwa mafuta, tuna kanga mpya, alininong'oneza kwamba atakayelitamka tena atamng'oa ulimi.

Mimi nikaliandika.

Nimejaribu kutafuta udhuru na ninao mmoja tu, nao ni wa kitoto: nilijiambia kwamba kuandika si kutamka. Nilijiambia pia kwamba wasomaji ni watu wa mbali, kwao lile ni neno tu. Tena nilikipata kitu kilichochapishwa. Kati ya vile vipande vya magazeti kimoja cha zamani kililitaja, mwandishi wake, sijui alilisikia wapi, akilidhania ni jina la kijiji. Nikaweka chanzo changu vizuri. Lakini ninajijua. Nilikuwa nimechoka kupiga hodi kwa adabu. Nilitaka kuandika kitu ambacho angekisoma na kujua papo hapo nani amekiandika, na sehemu ndogo ya moyo wangu ilitaka kimchome.

Kikamchoma. Hazikutimia wiki tatu, mdogo wake akanipigia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kwema?"

"Si kwema sana. Dada yangu amepiga, analia. Anasema kuna mtu amemtukana kwenye mtandao, amemwandika jina. Mimi hata sijui jina gani, nimezaliwa nyuma. Ameniuliza nani ameandika." Akashusha sauti. "Dada, ni kwenye ile makala yetu?"

Nikasema ndiyo. Nikasema ni mimi. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliniaga kwa shikamoo nyingine, ya chinichini, kama mtu anayefunga mlango taratibu ili mgonjwa asishtuke.

Nikaenda moja kwa moja kwenye kile kisanduku nikakifuta. Nikapumua. Kisha nikakumbuka kwamba ensaiklopidia ile haitupi kitu. Ina ukurasa wa historia, na kila kilichowahi kuandikwa kimo humo, na siku yake na saa yake na aliyekiandika. Maji yakimwagika hayazoleki, nilikuwa nawaambia watoto darasani, na wao wakiitikia kwa pamoja huku wanawaza mpira.

Nilimwandikia yule mhariri nikamweleza jambo zima, desturi na kosa langu. Niliandika barua ndefu kuliko makala yenyewe. Nilitegemea aniulize chanzo. Hakuuliza. Alijibu kwamba kwao, upande wa Ziwa, hawana desturi hiyo lakini ameielewa, na kwamba wasimamizi wana uwezo wa kuficha toleo la zamani lisionekane. Ila kwa kuwa niliendelea kusahihisha mengine baada ya kuliweka jina lile, ingebidi wayafiche matoleo yote ya wiki zile tatu, na jina langu kama mhariri pia. Je, niko tayari?

Nikamwambia wafiche.

Makala ipo hadi leo, na ni nzuri. Sehemu kubwa ya kazi yangu ya mwisho, ukiitafuta katika historia, ni mistari ya kijivu iliyokatwa katikati, haina mwenyewe. Niliitazama nikajisikia upweke ambao sikuwahi kuusikia hata mume wangu alipozikwa, maana siku ile angalau uani kulikuwa na watu wanapika. Nilikuwa nimemtafuta mtu miaka yote hiyo, nikampata, nikamtukana. Niliacha kufungua simu asubuhi. Nikarudi kwenye mihogo yangu.

Ilikuwa saa tano hivi ya mchana, jua kali, nimeinama naanika makopa ya muhogo juu ya mkeka. Simu ikalia ndani. Nikaiacha ilie, ikakata, ikalia tena. Nilipoishika nikaona namba ndefu yenye alama ya kujumlisha mbele. Mikono yangu ilikuwa myeupe kwa unga wa muhogo na nikaupaka wote kwenye kioo nikijaribu kupokea.

Hakusema halo. Hakusema hujambo wala habari za siku nyingi. Nilisikia pumzi tu, ndefu, ya mtu aliyefundishwa kuvuta pumzi. Kisha akaniita.

Aliniita kwa jina langu la kuzaliwa.

Mimi nilizaliwa baada ya watoto watatu kufa, na mama yangu, ili kifo kisinione wa maana, alinipa jina la kitu kinachotupwa jalalani. Niliitwa hivyo hadi siku ile ya mafuta na kanga mpya. Mama aliyenipa jina hilo amekufa. Waliolijua wamekufa mmoja baada ya mwingine, na mume wangu hakuwahi kulijua kabisa. Wanangu hawalijui. Hapa Mkunya mimi ni mama wa mtoto wangu wa kwanza, na kwa wadogo ni Bibi Mwalimu, na siku nitakapozikwa padre atasoma la ubatizo.

Alilitamka polepole, kila silabi na nafasi yake, kwa sauti ileile ya kwanza iliyokuwa ikitujaza kanisa. Alikuwa amelinoa. Alikusudia linikate kama nilivyomkata, na alikuwa na haki.

"Umesikia inavyouma?" akauliza.

Nikaketi chini, katikati ya makopa. Nilijua linalotakiwa. Nilitakiwa nifoke, au niombe radhi, na radhi nilikuwa nayo tayari nimeipanga kichwani tangu wiki zile. Lakini machozi yalikuwa yananitoka na hayakuwa ya hasira wala ya aibu. Kulikuwa na mtu mmoja duniani ambaye bado alijua niliitwa nani nilipokuwa mtoto, na alikuwa kwenye simu, na alikuwa ameniita.

"Abee," nikaitika.

Nikaibana simu sikioni kwa mikono miwili, naomba asikate, naomba aniite tena.