Kinyonga Tuliyemweka Penye Mbegu

Harufu ya jiko la mama yangu bado naijua: moshi wa kuni za mkaratusi, viazi vilivyoshika kidogo chini ya sufuria, na mahindi ya mbegu yaliyoning'inia juu ya mafiga mpaka maganda yake yakawa meusi kama masizi. Kwetu, ng'ambo ya misitu ya Mafinga, kitu cha thamani kiliwekwa pale juu, penye mbegu. Mbegu ya mahindi ilikaa pale, ya maharage ilikaa pale, hata vyeti vyetu vya ubatizo vilikaa pale ndani ya kopo. Panya hawakufika, wadudu hawakutoboa, unyevu haukuingia. Ndiyo sababu mimi, mtoto wa darasa la tatu, nilipompata kinyonga wangu sikufikiri mara mbili. Nilimpenda, kwa hiyo nikampandisha penye mbegu.

Alikuja na mzigo wa kuni. Mama alikuwa na mimba kubwa mwaka ule, kwa hiyo kuni nilikwenda kuokota mimi na Leonia, binti wa jirani yetu. Tulipotua mizigo, kwenye tawi moja alikuwa ameng'ang'ania yeye, kijani kibichi kama ganda la njegere, na mstari mweupe ubavuni. Leonia alikimbia mpaka zizini. Kinyonga kwetu aliogopwa kuliko nyoka. Watu wazima walisema ni mkosi, na dawa yake waliijua moja tu: unamtia ugoro mdomoni, anageuka mweusi tii, anakufa. Mimi sikukimbia. Alinitazama kwa jicho moja, na lile jingine likawa linamtazama Leonia kule zizini. Nikamwita Karani, kwa kuwa karani wa mnada wa ng'ombe alikuwa hivyo hivyo, jicho moja kwenye daftari na jingine kwa watu. Mama alipoona nimeingia naye jikoni, aligeuza uso ukutani. "Mimi sijamwona," akasema, "na aliye tumboni hajamwona." Lakini hakuniambia nimtoe.

Ilikuwa miezi ile ya baridi ambayo asubuhi unakuta sakitu, ule umande ulioganda, imetanda kwenye majani, nayo mvua imeshasahaulika. Kila tulipotoka shule watoto walijaa kwetu. Nawakumbuka wote: Leonia, Agneta na pacha wake Agripina, Zakaria wa kwa fundi cherehani, na Tulizo ambaye hakuwa na meno ya mbele. Tulikuwa tumeambiwa kinyonga hufuata rangi ya anapokaa, basi kila mmoja akaja na nguo yake. Tukamweka juu ya sweta jekundu la Agneta. Tukamweka juu ya kitambaa cha njano cha mama yake Tulizo. Tukampitisha mkono kwa mkono kama kikombe cha togwa. Hakuwa mwekundu wala wa njano. Alikuwa kahawia, kisha akatoka madoa meusi, kisha akajijaza upepo, akaachama na kutoa sauti kama ya sufuria inayovuja motoni. "Huyu amefeli," akasema Zakaria, "mrudisheni darasa la kwanza." Tulicheka mpaka tukakaa chini. Mungu anisamehe, nilidhani naye anafurahi.

Baada ya siku chache Karani alikuwa mweusi toka asubuhi hadi jioni. Nikamletea panzi, hakumtaka. Macho yake, yaliyokuwa yametokeza kama vifungo, yalizama ndani. Ngozi ikawa na mikunjo kama vidole vya mtu aliyefua siku nzima. Hata choo chake, ambacho mwanzoni kilikuwa na ncha nyeupe, sasa ncha ile ilikuwa ya rangi ya chungwa. Nilimwekea maji kwenye kibakuli, maji masafi ya kisimani. Akayakanyaga, akapita zake, kama vile nimemwekea kokoto. Nikaona labda ni baridi, nikamsogeza karibu zaidi na moshi.

Jumatano ya wiki ile akafika Shangazi Yustina, dada yake baba, kutoka Ipogolo, kuja kumsubiri mama ajifungue. Shangazi alikuwa mwanamke wa kazi, mwenye maneno, na kikopo chake cha ugoro hakikutoka kwenye fundo la khanga. Aliinama kupuliza moto, akainua macho, akamwona.

"Nani kafa humu ndani?"

"Hakuna aliyekufa, Shangazi."

"Basi huyu anamlilia nani, mbona amevaa nyeusi?"

Baba alikuwa mpasua mbao, mtu wa maneno machache. Akasema, "Dada, mwache, ni mdudu wa mtoto." Shangazi akamjibu, "Mtoto yupi, huyu au yule anayekuja?" Hapo baba akanitazama, kisha akalitazama tumbo la mama. Nilijua ananionea huruma, na nilijua pia kwamba mama alishapoteza mimba moja kabla ya hii, na hakuna mtu ndani ya nyumba ile aliyeweza kucheka jambo kama hilo. Mwisho akakata shauri. "Mpaka Jumapili tukitoka kanisani. Akirudia rangi yake atakaa. Akiwa bado mweusi ni wako, Dada, wewe na ugoro wako."

Shangazi akakataa kupika chini ya kitu kile, kwa hiyo jioni ile ile nilimshusha Karani, nikamweka nyuma ya jiko kwenye mpesheni uliotambaa juu ya ua. Nililia. Niliona nimemtoa mahali pazuri kuliko pote na kumtupa nje kama mwizi. Alhamisi nzima hakusogea.

Ijumaa nilipewa kufua. Nilikuwa nafua karibu na mpesheni ili nimwone, na kila nilipokamua nguo nilikung'uta mikono, matone yakarukia majani. Tone moja likaning'inia kwenye jani mbele ya pua yake, likawa linameta kwenye jua. Jicho la Karani likageuka. Likaja la pili. Akasogea, mguu mmoja, akatikisika kidogo, mguu mwingine, akafungua kinywa na kulinywa lile tone. Nikaacha nguo kwenye beseni. Nikachukua ufagio mpya, nikauchovya kwenye ndoo ya maji safi na kuukung'uta juu ya majani taratibu, nikarudia, nikarudia. Alikunywa mpaka nikachoka mkono. Anatafuna, anameza, anatafuta jingine. Nikaelewa kwamba maji yaliyotulia bakulini kwake hayakuwa maji. Yake ni yale yanayometa na kudondoka, ya umande na ya mvua. Na mimi nilikuwa nimemkausha juu ya moto pamoja na mahindi.

Toka hapo nikawa askari. Asubuhi maji, jioni maji, na hakuna wa kumgusa. Leonia akanuna. "Jana wetu sote, leo wako peke yako?" Nikamwambia sio wangu wala wako, sisi ndio tuliokuwa tunamtia weusi kwa mikono yetu. Alikaa kando amenuna, lakini alikaa kimya, na kwa ukimya ule tukaona jambo ambalo tusingeliona tukiwa tunapiga kelele. Jumamosi jua lilipochomoza Karani alikuwa mweusi kwa baridi, naye akalielekezea ubavu mmoja. Ubavu ule wa juani ulibaki mweusi ukivuta joto. Ubavu wa kivulini ulikuwa umeshaanza kuwa kijani.

Jumapili tulikwenda ibada ya alfajiri, na sikusikia mahubiri hata neno. Tulipotoka, Shangazi alitangulia, kikopo mkononi, nyuma baba, nyuma yake mama anatembea pole pole, na majirani waliokuwa wamesikia habari. Sakitu ilikuwa imechelewa kuyeyuka siku ile. Shangazi akafika kwenye ua, akatazama. "Mweusi," akasema, na kufungua kikopo.

"Shangazi, zunguka upande huu."

"Nizunguke nini na mimi nina macho?"

"Zunguka, Dada," baba akasema.

Akazunguka. Akatazama. Akarudi alikotoka, akatazama tena, kisha akazunguka mara ya pili ameshika khanga yake, kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba asiyoijua. "Wako wangapi humu?" akauliza. Nikamweleza yote, habari za baridi, za kushikwa shikwa, na za maji ya kudondoka. Kisha tukasubiri jua lipande. Hakuna aliyeondoka. Weusi ukaanza kufifia kutoka shingoni, ukashuka mgongoni, mstari mweupe ukatokeza, na mbele ya macho yetu sote akawa kijani mwili mzima, kijani cha njegere. Nikakung'uta ufagio. Akanywa mbele yao.

"Mbona ananitazama mimi na kikopo kwa pamoja?" Shangazi akasema.

"Ni karani, Dada," baba akamjibu. "Anakuandika."

Mama ndiye aliyeanza kucheka, ameshika tumbo. Kicheko kikaenda ua mzima. Shangazi akachukua ugoro ule kwa vidole viwili, akauvuta mwenyewe, akapiga chafya tatu. "Basi akae," akasema. Wiki ya pili mama alijifungua salama mtoto wa kike, tukampa jina la Yustina. Karani alikaa kwenye mpesheni mpaka mvua za kwanza, kisha siku moja akawa hayupo, na sikumtafuta, kwa kuwa maji yalikuwa kila mahali.

Sasa mimi ni bibi, niliolewa huku Mbeya, na ninaishi na mjukuu wangu Tumpe si mbali na soko la Mwanjelwa. Nyua za majani zimekwisha, watu wamejenga kuta za tofali. Juzi nikipita naye nilikuta vijana na akina mama wauza ndizi wamezunguka rundo la tofali, na kijana mmoja ameshika jiwe. Juu ya tofali kinyonga, mweusi, macho yamezama. Nikapita katikati yao na magoti yangu haya mabovu. "Bibi, huyo ni mkosi," mmoja akasema. Nikamwambia, "Huyo ni kiu. Nani ana maji?" Mama mmoja akanipa chupa yake. Nikamchukua kinyonga kwa kijiti, nikamweka kwenye mti pekee uliobaki pale, nikanyunyizia majani, nikawaambia wanyamaze. Alipoanza kunywa simu zote zikainuka. Tumpe naye akaichokonoa yake, akasoma kwa sauti: habari za weusi wa baridi na wa hofu, habari za macho kuzama, za matone ya majani badala ya bakuli. "Bibi, ni kweli, wameandika hivyo hivyo."

"Nafurahi na wao wamefika," nikasema.

Zamani ilinigharimu siku nne, na baba mwenye subira, na jua la Jumapili, ili watu wazima wamtazame kiumbe mmoja kwa upande wa pili. Juzi haikufika nusu saa. Yule kijana aliliweka jiwe lake chini bila kuambiwa, akauliza kama chupa moja itatosha.